Bati Chini ya Miguu ya Mama

Kutu haianzi pale unapoiona. Rangi ikivimba kama lengelenge, ujue bati lililo chini yake limekuwa likiliwa kwa miezi mingi, pengine miaka, na lengelenge lile ni habari iliyochelewa kukufikia. Chukua bisibisi, igeuze, gonga kwa mpini taratibu ukianzia mbali na kusogea kidogo kidogo. Bati zima lina mlio. Ukifika palipooza mlio unakufa, kama vile unagonga boga lililopitiliza kuiva. Tia alama ya chaki hapo, kisha endelea kugonga mpaka mlio urudi upande wa pili. Ukifanya hivyo bila haraka hutadanganyika, hata kama hujawahi kushika nyundo maishani. Mimi pia nilianza bila kujua lolote, na mikono yangu haikuwa myepesi kuliko yako.

Lori langu lilikuwa tayari limezeeka nilipolipata. Siku za mnada nilibeba ng'ombe kutoka vijijini kuwaleta Tinde, na siku nyingine nilipeleka chumvi na unga Segese, mara nyingine mpaka kwa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Mkojo wa ng'ombe na chumvi ndio waliokuwa maadui wa lori lile. Vilipita kwenye nafasi za mbao za bodi, vikateremka nyuma ya kabini, vikaenda kujificha chini ya mkeka wa mpira uliofunika sakafu. Juu kila kitu kilionekana kizuri. Siku niliyoinua mkeka upande wa abiria ili nifagie mchanga, nilimwona kuku akipita chini.

Nilisimama pale na ufagio mkononi. Mke wangu alikuwa akikaa kiti kile kila tuendapo kwao, na mtoto mapajani. Miguu yake ilikuwa imeshikiliwa na mpira na mazoea.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba, baada ya vita. Bati la kununua dukani halikuwapo. Hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha. Aliyetaka bati nene la kutengenezea gari alitafuta pipa la mafuta, akalipasua, akalinyoosha. Nami nilijua kulipasua, kwa sababu ujanani nilikaa miaka minne mjini Shinyanga kwenye gereji ya mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka, nikifundishwa kazi ya bodi na fundi wake mkuu. Fundi huyo alikuwa na kovu lililoanza sikioni likashuka mpaka begani, ngozi imekunjamana kama karatasi iliyomwagiwa maji. Alilipata kwa pipa. Alidhani halina kitu, akaweka moto, na mvuke wa petroli uliobaki ndani ukalipuka. Kila mara alipotuona tumesimama karibu na pipa alitugeuzia upande ule wa shingo yake.

Kwa hiyo niliyaogopa mapipa. Niliyaogopa kwa namna moja tu, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Dawa yake, alivyotufundisha, ni maji. Unalisimamisha pipa, unamimina majivu ya kuni kupitia kwenye mdomo wa kizibo ili yakate mafuta, kisha unalijaza maji mpaka yafurike, maana palipo na maji hapana nafasi ya mvuke. Unaliacha siku mbili wazi hivyo hivyo. Siku ya kazi unamwaga maji na kulipasua papo hapo kwa tindo na nyundo, bila moto. Moto unakuja baadaye, bati likishakuwa bati.

Yule mzee wa gereji alikuwa na mapipa nyuma ya ghala lake, aliyonunua matupu huku na huko. Nilichagua moja lenye bati nene na kutu kidogo. Nilinusa mdomo wake, nikasikia dizeli. Ubavuni palikuwa na maandishi meupe yaliyofifia, herufi za kigeni; nikadhani ni jina la mafuta. Sikuuliza. Nililirusha kwenye gari la rafiki aliyekuwa akija Tinde, nikashukuru kwa bahati yangu.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa kiangazi. Kisima chetu kilikuwa kimeshuka hata ukateka maji nusu ndoo na matope nusu. Nilikwenda na baiskeli mara tano, ndoo mbili kila safari, nikalijaza lile pipa. Jirani yangu, mzee mfugaji ambaye hakukosa neno la kunichokoza, aliegemea fimbo yake upande wa pili wa ua na kunitazama.

"Fundi, unaliogesha pipa?"

"Nalitoa mvuke, mzee."

"Ng'ombe wangu wana kiu, wewe unalinywesha pipa. Litazaa lini?"

Tulicheka. Mke wangu hakuwapo. Alikuwa amekwenda msibani kwao na watoto kabla pipa halijafika, na kwa kuwa alijua mume wake hawezi kupika hata mboga, alimtumia mama yangu salamu aje kunitazama. Hilo mimi sikulijua.

Jumatatu alfajiri nilidandia gari kwenda mjini kuazima kwenye ile gereji mitungi ya gesi na oksijeni ya kuchomea. Nilipewa kwa siku moja tu, Jumanne, jioni yake niirudishe. Niliporudi nyumbani jua likielekea kuzama, nilimkuta mama ameketi jikoni, moto unawaka, uwanja umefagiwa mpaka nje ya ua.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanawane. Umekonda. Huyo mkeo akiondoka unaishi kwa upepo?"

Aliniandalia ugali na mlenda. Nilikuwa nimeshiba chakula cha mjini, nikanawa na kumega tonge moja la heshima, naye hakuwa na furaha nami. Nilimpa sukari niliyomletea mke wangu. Akanishukuru kwa Kisukuma, mikono miwili: wabeja, wabeja, umenitunza mwanangu, kisima kilivyo mbali. Nilisikia neno la kisima nikadhani anazungumzia taabu za kijiji kwa jumla, kama wazee wanavyozungumza. Nilikuwa nawaza mitungi yangu.

Asubuhi niliamka na haraka. Mama alikuwa ameshaamka kabla yangu, akaniletea uji kwenye kikombe cha bati na kuuweka juu ya bawa la tairi la mbele.

"Kunywa kabla ya kushika machuma."

"Naja, mayu."

"Mimi tumbo linanisokota kidogo. Ni ile safari ya jana, baiskeli ya mjomba wako haina hata mto." Akajishika kiuno akarudi jikoni.

Nilikwenda kwenye pipa nikaona maji yamepungua, hayafiki tena mdomoni. Nililizunguka pipa zima nikitafuta tundu la kutu linalovuja, nikalipapasa chini kote kwa vidole. Pakavu. Nikasema moyoni, jua limeyanywa. Nikaliangusha, maji yakatiririka kuelekea kwenye ua, yakatuama bondeni penye kivuli cha minyaa.

Kazi ilikwenda vizuri, nisiifiche. Nilikata kingo za juu na chini kwa tindo, nikapasua ubavu karibu na mshono, pipa likafunguka kama mkeka. Nikalilaza chini na kuligonga mpaka likalala. Upande wa abiria nilikuwa nimeshaukata kutu yote wikendi, nikiendelea mpaka kwenye bati lenye mlio. Usilionee huruma bati bovu, ukibakiza kidole kimoja cha kutu kitakula kazi yako yote. Nikakata kipande kwa kufuata mfano wa karatasi ya mfuko wa saruji, nikakifikisha mahali pake. Ukichomea, usipite mstari mmoja kwa mkupuo, bati litajikunja kwa joto. Gusa hapa, ruka, gusa kule, weka kitambaa chenye maji, ngoja, urudi katikati.

Palikuwa na jambo moja nililolijua na sikulifanya. Fundi wangu alitaka bati lisuguliwe lote kwa brashi ya waya, pande zote mbili, lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuwekwa. Mimi nilisugua kingo tu, pale pa kuchomea. Gesi ilikuwa ya siku moja. Upande wenye maandishi niliulaza chini, uelekee barabarani, nikajiambia nitaupaka siku nyingine.

Kufikia saa sita upande wa abiria ulikuwa umekamilika. Upande wa dereva nilikuwa nimekwisha kuukata, uko wazi. Ukikaa kwenye usukani unaona chesisi na mchanga. Milango nilikuwa nimeing'oa nikaiegemeza ukutani. Betri nimeitoa. Uji wangu ulikuwa bado pale kwenye bawa la tairi, umeota ngozi juu.

"Fundi," jirani aliita toka uani, "kuku wako wamelewa."

"Kideri hicho," nilimjibu bila kuinua uso.

"Kideri gani hiki? Njoo utazame."

Alisema hivyo bila mzaha, nikazima moto. Kuku wanne walikuwa pale nilipomwaga maji. Mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu inakanyaga hewa. Mwingine alitembea nyuma nyuma, kichwa kimepinda, ute unamtoka mdomoni kama uzi. Jogoo alikuwa ameshakufa. Jirani alichuchumaa, akachovya kidole kwenye matope yaliyobaki, akakinusa.

"Ndama wangu alilamba maji ya josho mwaka juzi. Alikuwa hivi hivi. Mate, kutetemeka, kwisha." Akanitazama. "Pipa lako lilikuwa la nini?"

"La dizeli."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Pua yangu ndiyo iliyoniambia. Baadaye nilielewa kwamba pipa hupita mikono mingi, na dizeli iliyonukia ilikuwa ya mtu wa mwisho tu. Lakini pale kwenye ua wazo langu la kwanza, na ninaona haya kulisema, lilikuwa la kumshukuru Mungu kwamba ni kuku.

Kisha nikageuka nikaona kikombe cha uji.

 Nilikimbilia jikoni. Mama alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kivulini, na jasho linamtiririka kama mtu aliyekuwa akitwanga juani. Alikuwa akifuta mdomo kwa ncha ya kanga, anafuta, mate yanajaa tena. Pembeni yake, ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mpira wangu wa kunyonyea dizeli, umeoshwa safi.

"Mayu. Maji ya uji umeyatoa wapi?"

"Si kwenye pipa lako." Alishangaa swali lenyewe. "Nilikuta mitungi ya maji mitupu. Nikasema, tazama mwanangu, amenitekea pipa zima nisihangaike."

"Umeyanywa?"

"Nitayaacha kwa nini? Yana harufu ya dizeli kidogo, lakini maji gani siku hizi hayana?"

Alikuwa na haki. Miaka ile kila maji yaliyobebwa kwa gari yalipita kwenye pipa la mafuta, na sote tulikunywa harufu ile bila kuiona kuwa kasoro. Pipa lililojaa maji kwenye uwanja wa nyumba, Shinyanga, mwisho wa kiangazi! Ni mama gani angefikiri ni kitu kingine? Alikuwa amenyonya mpira kwa mdomo wake ili maji yashuke, kama wanawake wote wafanyavyo. Mara mbili, jioni na asubuhi. Niliuogopa moto kwa miaka yote, nikaweka kifo mahali ambapo mama yangu angekitafuta kwanza.

"Kwani kuna nini?" akauliza.

Nilisema twende zahanati, tumbo lisizidi.

Zahanati ya misheni ilikuwa mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa lori zima. Barabarani hapakuwa na gari jingine, na hata kama lingepita, ningelingoja mpaka lini? Nilirudisha betri kwa pupa, nikakosea nguzo, cheche ikaruka. Jirani alinishika kifundo cha mkono.

"Taratibu, kijana. Funga moja, ndipo ufunge nyingine." Lilikuwa shauri ambalo mimi ndiye huwapa watu.

Tulimpandisha mama upande wenye sakafu mpya. Bati bado lilikuwa na joto la kuchomea. Akaweka miguu na kuiinua.

"Linaunguza."

"Litapoa, mayu."

Jirani alikaa pembeni yake, mahali pa mlango usiokuwapo, mkono mmoja umeshika nguzo ya kabini na mwingine umemzunguka mama. Mimi nilichukua ubao wa kitanda, nikaulaza juu ya lile shimo upande wangu ili nipate pa kuweka visigino. Tukaondoka.

Nimeendesha njia mbovu nyingi, za mvua, za milima, mpaka Geita nikiwa na abiria juu ya magunia. Sijawahi kuogopa kama mchana ule, juani, kwenye njia niliyoijua kila jiwe. Chini ya miguu yangu barabara ilikuwa ikipita kama mto. Vumbi lilipanda kupitia kwenye shimo na kujaa kabini, mama akawa anakohoa, na kila alipokohoa nilimtazama. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa nukta, na alikuwa akitazama mbele kama mtu anayetazama kwenye moshi.

Jirani hakunyamaza hata kidogo. Nadhani alijua akinyamaza nitalia.

"Mama Dereva, umeona wapi lori la namna hii? Halina mlango, halina chini. Mwanao ametuweka kwenye ungo."

Mama alitabasamu, mate yakamtoka. "Ungo ni wa wachawi," akasema taratibu.

"Basi tutafika upesi."

Kwenye korongo la pili nilikanyaga breki, na ubao ukateleza. Ulipita kwenye shimo, nikausikia ukipasuka chini ya tairi la nyuma. Kuanzia hapo sikuwa na pa kuweka miguu. Niliishikilia hewani juu ya pedeli, mapaja yanawaka, nikijua chini yake hakuna kitu ila barabara. Mama alikuwa ameanza kutetemeka misuli ya shavu, mitetemo midogo chini ya ngozi, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi. Nikawaza ndugu zangu. Nikawaza watakavyosema Tinde na Segese, maana tunajua wanavyosema juu ya mtu mwenye gari ambaye mama yake amekufa ghafla: amemtoa mama, ili lori litembee. Nilijua ningekubali hata waseme hivyo maisha yangu yote, mradi afike.

Zahanati alikuwapo mganga mmoja, kijana mwembamba mwenye koti lililofuliwa mpaka likawa na rangi ya maziwa. Tulimlaza mama kitandani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia akimshika mkono.

Mama hakuitika. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mama akiacha shikamoo ianguke chini. Aliitikia hata za walevi.

Mganga alimfunua macho, akasikiliza kifua, akaniuliza amekula nini. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja. Jirani akaongeza habari ya ndama.

"Dalili ni za dawa ya josho, nakubali," mganga alisema. "Lakini kifua kinanitia shaka. Mnasema amenyonya mpira wa dizeli, na dizeli ikiingia kifuani, kifua nacho hukoroma hivi. Dawa za josho ziko namna nyingi, na sindano niliyo nayo inafaa kwa namna moja tu. Nitampa moja sasa. Ili apone huenda akahitaji nyingi sana, na kwa mtu asiyestahili wingi huo ni sumu. Nahitaji kujua. Pipa liko wapi?"

"Nimelipasua."

"Limeandikwa nini?"

Nilifungua mdomo, nikakumbuka. "Maandishi yako chini ya lori."

Alimchoma mama sindano ya kwanza, akamwambia muuguzi ahesabu pumzi, kisha akatoka mbio na koti lake lile safi, akalala chali mavumbini akajivuta chini ya kabini. Nami nikajivuta kando yake. Bati lilikuwa limepakwa tope la njiani. Nilivua shati nikalifuta, nikalitemea mate, nikalifuta tena. Kingo zote ziling'aa, pale nilipozisugua kwa brashi. Katikati, pale nilipofanya uvivu, herufi zilikuwa bado zipo, nyeupe, zimekatika. Mshono wangu ulikuwa umeunguza mwanzo wa neno. Mganga alifuata herufi kwa kidole, midomo inacheza. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, wa vipimo: kiasi gani cha dawa kwa kiasi gani cha maji ya josho.

Nilikuwa nimelala pale, pua karibu na bati nililolichomea mwenyewe, nikimngojea mtu asome.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hii." Akajivuta nje kabla sijapata kuuliza ni heri au shari.

Ilikuwa heri kadiri ilivyoweza kuwa. Ilikuwa ile namna ambayo sindano yake ilifaa. Alimchoma tena, akangoja kidogo, akamchoma tena. Alinieleza huku akifanya kazi, na nilimpenda kwa hilo, maana mtu mwenye hofu akielezwa anapata pa kushika. Alisema tutazame mdomo. Mate yakikauka, dawa inaishinda sumu. Yakirudi, anaongeza. Aliniuliza kama ni kweli nilitia majivu, nikasema mengi, debe zima. Akasema pengine majivu yale yalipunguza makali, hakuwa na hakika, lakini dawa nyingi za aina ile hazipendi majivu.

Nilikaa kwenye benchi bila shati. Jirani alikaa nami. Mchana wote mate yalikauka yakarudi, yakakauka yakarudi. Sitaki kukuambia nilikuwa jasiri. Kila muuguzi alipotoka mlangoni nilitazama miguu yake kwanza, nisione uso.

Jua lilikuwa limeinama juu ya paa la kanisa mganga alipotoka akaniita kwa mkono. Mama alikuwa macho. Mboni zilikuwa zimefunguka, kubwa mno sasa, na midomo imekauka mpaka imepasuka.

"Nina kiu," akasema.

Mganga alicheka peke yake. Ilikuwa kauli aliyokuwa akiingoja tangu mchana.

Mama alikaa pale siku sita. Mitungi ya gesi niliirudisha kwa kuchelewa, na yule mzee wa gereji nilipomsimulia alikwenda mwenyewe nyuma ya ghala, akayatoboa kwa sululu mapipa yote aliyokuwa hajui yalikotoka. Sakafu ya dereva niliimalizia kwa bati la mlango wa gari bovu. Lile la pipa nilitaka kuling'oa na kulizika. Nilipomchukua mama zahanati, kabla hajapanda nilimwambia hivyo. Alitazama chini, akaligonga kwa kisigino.

"Limeshika?"

"Limeshika."

"Basi liache. Lori haliliwi."

Nikaliacha, ila nilipiga picha ya herufi zile moyoni kabla ya kulisugua lote kwa magadi soda na kulipaka rangi mara tatu. Nawe, ukipata pipa, fanya kama nilivyokueleza, maji ni lazima. Lakini kwanza uliza lilikuwa la nini, soma kilichoandikwa, na usipoweza kusoma mtafute asomaye. Kama hakuna anayelijua, litoboe uliache. Na likishajaa maji weka juu ya mdomo wake tawi la miiba, kama tunavyofunga zizi. Nyumbani kwangu hata mtoto anayetambaa anajua tawi lile maana yake nini. Kisha mwambie kila mtu, hata asiyekuwapo, hata ambaye hujui kama atakuja.

Siku ile tuliporudi mke wangu alikuwa ameshafika. Alimchotea mama maji ya mtungini, yaliyotoka kisimani moja kwa moja, akampa kwa kikombe kile kile cha bati. Mama alikipokea, akakitazama, kisha akaninyooshea mimi. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna kitu ndani.

"Onja, ng'wanawane," akasema, macho yamejaa uchokozi.

Mke wangu alicheka. Jirani alicheka huko ng'ambo ya ua. Nami nilitaka kucheka, lakini kikombe kilikuwa kinagongagonga meno yangu. Nikanywa. Nikangoja kidogo, zaidi ya walivyotarajia, ndipo nikampa.